Fette Fraktur si fonti ya Wanazi

Wapo wanaodai kuwa fonti (mtindo wa herufi) ya Fette Fraktur ilibuniwa na Wanazi. Hapana, haikubuniwa nao. Ni fonti nene ya karne ya 19, ya herufi za Kijerumani za mtindo wa kale zenye kona kali, kazi ya Mjerumani Johann Christian Bauer, iliyokusudiwa mabango na matangazo. Tena Wanazi wenyewe ndio waliopiga marufuku herufi za namna hii: waraka wa Martin Bormann, ofisa mkuu wa chama chao, wa tarehe 3 Januari 1941 ulizisingizia kuwa za Kiyahudi, ukaamuru zitumike za Kirumi za kawaida. Kweli, kabla ya hapo walizitumia sana, ndiyo maana kwenye bango la siasa bado zinashtua watu.

Kwa lebo ya bia, jina la gazeti au kichwa cha cheti inapendeza sana. Iweke kubwa, maneno mawili matatu tu. Ila usiandike neno zima kwa herufi kubwa! Nachapa fulana, nimeliona hilo: I na J zinafanana mno, JUMA haisomeki kabisa. Na k ndogo asiyeizoea huisoma t, kwa hiyo "kaka" ijaribu kwanza kwenye karatasi.