Maswali yenu kuhusu vitabu vya Alabama

Mmeniandikia sana kuhusu Alabama, lile jimbo la kusini mwa Marekani la kina Rosa Parks, yule mama mweusi aliyekataa kumpisha mzungu siti kwenye basi, leo najibu machache.

Mkuu, nianze na kipi? Sitaki cha kishuleshule.

Barracoon ya Zora Neale Hurston, usihangaike na kingine. Ni maongezi yake na mzee Kossola, huko walimwita Cudjo Lewis, aliyeletwa toka Afrika kama mtumwa hadi Mobile, mji wa bandari wa Alabama, mwaka 1860 kwa meli ya Clotilda, na kumbuka kuingiza watumwa toka nje kulishapigwa marufuku tangu 1808, kwahiyo ilikuwa magendo kabisa na meli wakaichoma moto kupoteza ushahidi. Uzuri wake mzee halazimishwi, siku nyingine hana hamu ya kuongea basi wanakula zao tikiti maji wanaachana. Halafu kuna ile ya picha, mzee anavaa suti yake nzuri kuliko zote ila viatu anavua, anataka aonekane yuko Afrika. Wachapishaji walitaka kile kiingereza cha mzee kinyooshwe, Zora akagoma, mswada ukalala mpaka 2018, Zora mwenyewe keshafariki tangu 1960.

Eti kuna mtu alikataa kupisha siti kabla ya Rosa Parks?

Ndio, Claudette Colvin, binti wa miaka 15, alikamatwa mjini Montgomery, Alabama, Machi 1955, Rosa ni Desemba. Tafuta kitabu cha Phillip Hoose cha 2009, kimeandikiwa vijana lakini hata sisi wazee kinatubamba. Baadae Claudette alikuwa mmoja wa walalamikaji kwenye kesi iliyomaliza ubaguzi kwenye mabasi ya pale, ila sifa zikaenda kwingine.

Booker T. Washington, yule mwalimu mweusi aliyezaliwa mtumwa, anasomeka kweli au mahubiri matupu?

Mahubiri yapo, tena mengi, na msomi mweusi mwenzake, Du Bois, alimpinga kwa kuwabembeleza sana wazungu, mimi hapo niko na Du Bois. Ila Up from Slavery (1901) ina vipande huwezi kuruka. Pale Tuskegee, shule ya weusi aliyoiongoza huko Alabama, wanafunzi wanafyatua matofali, tanuru linafeli mara tatu, hela imekata, jamaa anaenda kuweka rehani saa yake kwa dola 15 ajaribu la nne, likakubali. Wakenya mnaoifahamu Jeanes School ya Kabete, 1925, mawazo yake mengi yalitoka kwenye elimu ya aina hii hii.

Baba yangu analima pamba Meatu, kuna cha wakulima wenyewe?

Kipo, All God's Dangers cha Theodore Rosengarten, 1974, ni kinene balaa na kwangu ndo bora kuliko vyote nilivyotaja. Msimuliaji anaitwa Nate Shaw humo ndani, jina halisi Ned Cobb, mkulima mweusi asiyejua kusoma, alirekodiwa ana miaka themanini na kitu. Anakumbuka bei za pamba, madeni, nani alimdhulumu. Mwaka 1932 maaskari walikuja kuchukua mifugo ya jirani yake kwa deni, akasimama mbele yao, risasi zikalia, akala miaka 12 jela. Anatoka anakuta matrekta, yeye akaendelea na nyumbu wake. Kama mzee kiingereza kinampiga chenga, kaa naye umsomee huku unamtafsiria, na uanze na kurasa za nyumbu maana hapo atakukatiza kila dakika.