Ofa ya pauni 42,000 London: nije au nibaki?

Swali kutoka nyumbani huwa ni lilelile: "Kampuni ya London imenipa ofa ya pauni 42,000 kwa mwaka na itanidhamini viza. Niache kazi nije?" Njoo, kama kazi ni ya fani yako na unaweza kutua na pauni 3,500 mkononi mbali na gharama za viza. Kama huna, omba tarehe ya kuanza isogezwe mbele. Wengi wanaoumia hapa hawaumizwi na baridi, wanaumizwa na miezi mitatu ya kwanza ambayo hawakuipigia hesabu.

Tuanze na mshahara, maana watu huuzidisha kwa shilingi kisha wanachanganyikiwa. Pauni 42,000 ni 3,500 kwa mwezi kabla ya makato. Pauni 12,570 za kwanza kwa mwaka hazitozwi kodi ya mapato; kinachozidi hapo hadi 50,270 kinakatwa asilimia 20, kwako ni kama pauni 490 kwa mwezi. Bima ya taifa ni asilimia 8 juu ya kiasi hichohicho, kama pauni 196. Pensheni nayo huchukua kawaida asilimia 5 ya sehemu kubwa ya mshahara, na mwajiri anaongeza angalau 3. Una haki ya kujitoa kwenye pensheni, lakini usijitoe: ukitoka, mchango wa mwajiri unaupoteza bure. Utakachoshika ni takriban pauni 2,700. Hiyo ndiyo namba ya kuwaambia wazazi, na uwaambie kabla hujapanda ndege.

Kuna mtego hapa unaowanasa hata wahasibu. Mwaka wa kodi wa Uingereza huanza tarehe 6 Aprili, na msamaha wa kodi (zile pauni 12,570 zisizotozwa) hujumlishwa mwezi hadi mwezi hata kama hukuwepo nchini. Ukianza kazi Novemba, msamaha wa tangu Aprili unakungoja, kwa hiyo Novemba na Desemba hukatwi kodi ya mapato kabisa. Januari inakatwa kidogo sana, Februari inakuja pauni 490 yote kwa mkupuo. Mtu aliyepanga nyumba kwa kutazama mshahara wa Novemba anajikuta na pengo la pauni 490 kila mwezi. Kinyume chake pia hutokea: usipojaza vizuri fomu ya mfanyakazi mpya, unaweza kuwekwa kwenye msimbo wa kodi uitwao BR na kukatwa asilimia 20 ya kila pauni tangu ya kwanza. Kama hujafanya kazi nyingine Uingereza tangu Aprili, wala hujapokea pensheni au posho za serikali, chagua kauli A kwenye fomu hiyo. Msimbo ukikosewa, wasiliana na HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, kilichozidi hurudishwa.

Jambo jingine la kuuliza mapema ni siku ya malipo. Kampuni nyingi hulipa mwisho wa mwezi lakini hufunga orodha ya mishahara katikati ya mwezi. Ukianza tarehe 17, mshahara wa kwanza unaweza kuja mwisho wa mwezi unaofuata, yaani wiki sita bila senti.

Gharama za kabla ya safari: ada ya afya, ya kutumia NHS (huduma ya afya ya serikali), ni pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, na hulipwa yote kwa mkupuo unapoomba. Viza ya miaka 3 ni 3,105, mbali na ada ya viza yenyewe. Mwenzi wako anadaiwa kiasi hichohicho. Waajiri wengine hulipa, wengine hawalipi, na wengine hulipa halafu wanakudai ukiacha kazi mapema. Pata jibu kwa maandishi kabla hujaandika barua ya kuacha kazi. Uliza pia kama watathibitisha kukutunza mwezi wa kwanza. Wasipofanya hivyo, lazima pauni 1,270 zikae kwenye akaunti yako siku 28 mfululizo. Gharama ya cheti cha udhamini, kile mwajiri anachokupa ili uombe viza, ni ya mwajiri, si yako. Anayekuuzia cheti hicho ni tapeli, hata akiwa ndugu wa kanisani. Angalia jina la kampuni kwenye orodha ya wadhamini wenye leseni iliyo wazi kwa wote kwenye tovuti ya serikali, GOV.UK. Na kwa wanaouliza kazi za kutunza wazee: uajiri wa walezi kutoka nje ulifungwa tarehe 22 Julai 2025. Wanaouza nafasi hizo leo wanakuuzia mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe ni tupu.

Sasa nyumba, ambayo ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Mawakala wengi hutaka mshahara wa mwaka uwe angalau mara 30 ya kodi ya nyumba ya mwezi. Gawa 42,000 kwa 30 unapata 1,400, na kwa bei hiyo nyumba ya peke yako katika maeneo mengi ya London hupati. Kwa hiyo panga chumba kwenye nyumba ya kushirikiana, kwa kawaida pauni 800 hadi 1,100 kwa mwezi. Uliza kama umeme, gesi, maji, intaneti na kodi ya halmashauri vimo ndani. Chumba cha 850 bila bili kinaweza kukugharimu kuliko cha 950 chenye bili.

Amana haiwezi kuzidi kodi ya wiki tano. Kwa chumba cha 900 hiyo ni pauni 1,038, na ukiongeza mwezi wa kwanza ni 1,938. Ada ya kukagua taarifa zako au ya kuandika mkataba hairuhusiwi kisheria, ikatae. Zamani mgeni asiye na mdhamini wa kodi ya nyumba alidaiwa kodi ya miezi sita mbele. Tangu 1 Mei 2026 sheria ya England inamzuia mwenye nyumba kumdai mpangaji wa kawaida zaidi ya mwezi mmoja. Amana inapaswa kuwekwa kwenye mfuko unaotambuliwa ndani ya siku 30. Ila ukiishi nyumba moja na mwenye nyumba mwenyewe, ulinzi huo wa amana haukuhusu, kwa hiyo mpe kiasi kidogo kadiri atakavyokubali na udai risiti.

Usilipie chumba ambacho wewe au mtu unayemwamini hajaingia. Picha huibwa, na anayekuharakisha ulipe ukiwa bado nyumbani ana sababu yake. Fikia malazi ya muda ya wiki tatu, tembelea vyumba jioni baada ya kazi, kisha uchague. Beba barua ya mwajiri inayotaja mshahara, na ujue kutoa msimbo wa kuthibitisha haki yako ya kupanga kutoka akaunti yako ya viza ya mtandaoni. Msimbo huo hudumu siku 90. Benki kubwa zinaweza kudai uthibitisho wa anwani ambao bado huna, basi anza na benki ya kwenye simu.

Familia isije pamoja nawe. Najua neno hili linauma, hasa kwa wenye watoto wadogo. Lakini viza yako imefungwa kwa mwajiri: akikuacha, au akipoteza leseni ya udhamini, kwa kawaida unapewa siku 60 upate mdhamini mwingine au uondoke, bila msaada wowote wa serikali. Ngoja umalize kipindi cha majaribio, mara nyingi miezi sita, ndipo uwaite.

Mengine ni mepesi. Kwenye treni na basi tumia kadi ileile moja ya benki kila siku. Kadi ya plastiki na kadi hiyohiyo ndani ya simu huhesabiwa kama mbili, na unakosa ukomo wa nauli, yaani kiwango cha juu unachoweza kukatwa kwa siku. Jiandikishe kwa daktari wiki ya kwanza. Hawaruhusiwi kukukataa kwa kukosa uthibitisho wa anwani. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na NHS inashauri mikrogramu 10 za vitamini D kwa siku majira hayo. Historia yako ya mikopo ya nyumbani haihamishwi. Lakini raia wa Jumuiya ya Madola, wakiwemo Watanzania, Wakenya na Waganda, wanaruhusiwa kujiandikisha kupiga kura hapa, na jina kuwa kwenye daftari la wapiga kura husaidia wakopeshaji kukutambua.

Kuhusu kutuma pesa: chumba, nauli, chakula na simu vitakula kama pauni 1,450 kati ya 2,700. Miezi mitatu ya kwanza usiahidi kitu. Mwezi wa nne tangaza kiasi kimoja, kwa mfano pauni 200, kiende tarehe ileile kila mwezi kwa mtu mmoja ambaye familia imemkubali agawe. Za misiba na hospitali zitengee akaunti yake, maana simu hiyo itapigwa, na itapigwa usiku.