Re: Mbona crew ya Enterprise hawachanganyikiwi?

Mkuu umeuliza inakuwaje watu wa Enterprise, ile meli ya anga ya tamthilia ya Star Trek: The Next Generation, wanapata balaa kila wiki na akili zao ziko fresh tu. Kweli yupo Troi, mshauri wa saikolojia, anakaa kabisa pembeni ya kapteni, ila sababu kubwa ni tivii ya enzi zile, kila episodi ilitakiwa ijitegemee kwahiyo ya jana yanasahaulika. Ila tafuta episodi ya 1990 inaitwa Family, kapteni Picard katoka kutekwa na Borg, wale maadui nusu mtu nusu mashine, anarudi kwao Ufaransa analia kwenye matope mbele ya kaka yake, aisee ile inaumiza. Halafu Deep Space Nine, Star Trek nyingine iliyofuata, ndo walienda mbali zaidi, askari kijana Nog anakatwa mguu vitani, anajifungia chumba cha hologramu, kile kinachotengeneza dunia ya bandia, hataki kutoka, na hawakumponya haraka haraka. Ile kwangu ndo bora kuliko zote.