Orodha ya viwanja vya umma ibandikwe hadi kwa chifu

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza wiki hii kama orodha ya ardhi ya umma isiyoendelezwa itangazwe kwa wananchi wote, au ibaki ofisini ili isiwavutie wanyakuzi. Mimi ni mkazi wa Malindi, nami nasema itangazwe, kwa kuwa mnyakuzi huwa ameshaiona kabla yetu.

Mtaani kwetu palikuwa na uwanja waliochezea watoto mpira, ambao wazee walituambia umetengewa shule. Asubuhi moja tuliukuta umezungushiwa mabati. Tulipokwenda katika ofisi inayohusika kuuliza namba ya kiwanja na matumizi yaliyopangwa, tulijibiwa kwamba asiye mmiliki hana haja ya kujua, na kwa kuwa hatukuwa na karatasi yoyote mkononi, tulirudi kimya.

Jibu lile halikuwa na msingi. Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na sheria ya mwaka 2016 inayotekeleza haki hiyo inaipa ofisi siku 21 za kujibu, inakubali ombi lililoandikwa kwa Kiswahili, wala haimtaki mwombaji aeleze sababu zake. Laiti tungalijua siku ile!

Sisi wa Pwani tunajua gharama ya tangazo lisilomfikia mtu. Chini ya sheria ya hatimiliki ya 1908, ardhi ambayo hakuna aliyeidai ilihesabiwa kuwa ya Serikali ya kikoloni, na wengi, hasa Wamijikenda, hawakuwasilisha madai kwa kuwa tangazo halikuwafikia. Mpaka leo wapo wajukuu wao wanaoitwa maskwota, yaani wakazi wasio na hati ya ardhi, katika mashamba waliyozaliwa.

Kwa hiyo kuiweka orodha kwenye intaneti pekee hakutoshi. Ibandikwe kwa chifu na katika ofisi ya wodi, ikionyesha namba ya kiwanja, ukubwa, matumizi yaliyokusudiwa na jina la mahali kama wenyeji wanavyopaita, kwa maana namba tupu haimwambii kitu mama anayepita hapo kila siku akienda sokoni. Tena, ardhi isiyoendelezwa si lazima iwe tupu: palipo na familia inayolima mihogo, orodha iseme hivyo, ili watu hao wasihesabiwe tena kama hawapo.