Bia chachu: ihamishwe au iachwe?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni Mtanzania ninayeishi Ghent, Ubelgiji. Mwezi Februari nilipika nyumbani lita 20 za bia ya kimea cha shayiri na ngano, nikaitia hamira ya kawaida pamoja na mashapo ya chupa tatu za gueuze, ile bia chachu ya huku. Sasa imetimiza miezi minne katika chupa kubwa ya kioo. Juu pameota utando mweupe wenye mikunjo, na nilipoonja juzi ilinukia siagi na kuvutika kama mlenda. Rafiki yangu ananihimiza niihamishie katika chombo kingine niyaache mashapo, kisha niitoe jikoni niishushe ghalani. Je, nimfuate, au bia imekwisha kuharibika?

JIBU: Ndugu msomaji, bia yako haijaharibika, ila rafiki yako anaweza kuiharibu kwa nia njema. Mlenda huo ni kazi ya bakteria waitwao Pediococcus, ambao huleta uchachu unaoutaka, lakini pia huacha nyuzi za sukari zinazovutika na kemikali yenye harufu ya siagi. Wapishi wa lambic, bia inayochanganywa kupata gueuze, husema tu kwamba bia inaumwa, wakaiacha ipone. Dawa imo humo humo: ni hamira ya Brettanomyces, ambayo Claussen wa maabara ya Carlsberg, Copenhagen, aliitangaza mwaka 1904, na ambayo huvunjavunja nyuzi hizo na kuimaliza harufu kwa muda wa miezi kadhaa. Ukiihamisha sasa, sehemu ya waganga hao utaiacha chini pamoja na mashapo.

Rafiki yako amechukua kanuni ya bia ya kawaida, ambayo ikikaa mno juu ya hamira iliyokufa hupata ladha mbaya. Katika bia yako, kile kinachotoka katika hamira iliyokufa ni chakula cha Brettanomyces, na ndiyo maana lambic huweza kukaa katika pipa lile lile, juu ya mashapo yake, hata miaka mitatu. Adui wa kweli ni hewa. Bakteria wa siki hugeuza kileo kuwa siki pale tu wanapopata oksijeni. Siki kidogo hukoleza ladha, ikizidi haiondoki. Utando ulioota ni dalili kwamba hewa kidogo imefika juu ya bia, basi usiutoboe bila sababu. Kuonja kila wiki ni ulafi, si uchunguzi; najua sisi tuliozoea mbege, inayonywewa ingali inachacha, kungoja mwaka mzima ni mtihani.

Kuishusha ghalani ni shauri jema, kwa kuwa huko joto halipandi na kushuka kama jikoni. Hata hivyo, chupa ya kioo yenye lita 20 hukaribia kilo 26, na ikiloa huteleza: itieni ndani ya kreti imara, muibebe wawili, wala msiishike shingo. Kabla ya kuinyanyua, ondoa valvu ya maji, ile ya mdomoni inayotoa gesi bila kuingiza hewa, uweke kizibo kizima, kwa sababu hewa ya ndani ikipoa husinyaa na kuyavuta maji ya valvu yaingie katika bia. Ikishatulia na kupoa, rudisha valvu. Utando utavunjika njiani na pengine mwingine utaota, jambo lisilo na madhara. Kagua maji ya valvu kila wiki mbili, maana yakikauka mlango wa siki umefunguka.

Ungekuwa umeiweka katika ndoo ya plastiki, inayopitisha hewa zaidi, au ungetaka kuongeza cheri, ningekuruhusu uihamishe mara moja tu. Hapo ungetumia mpira safi, usiounyonya kwa mdomo, ncha yake ikifika chini kabisa ya chombo kipya ili bia isirushe povu, na chombo hicho kijae hadi shingoni, isipokuwa ukitia matunda, ambayo huhitaji nafasi.

Kuhusu kuitia katika chupa ndogo, subiri hadi hidromita, kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki katika bia, isome namba ile ile kwa miezi miwili mfululizo, kisha utumie chupa nene za aina ya shampeni, kwa kuwa Brettanomyces huendelea kula taratibu hata sukari ambazo hamira ya kawaida imezishindwa, na chupa nyembamba hupasuka.