Barua kwa mwanangu: lile neno "deleterious"

Goma

Furaha, mama yangu,

Ujumbe wako ulinikuta jana umeme umekatika, nikausoma kwa tochi. Unasema shefu wako wa kazi huko Kampala amepigia mstari sentensi yako ya Kiingereza, kwamba gesi "deleterious" iliua mbuzi watatu. Unauliza kosa liko wapi, wakati Kifaransa chetu kinasema "gaz délétère" bila shida.

Kosa ni la sisi tuliokufundisha Kifaransa kwanza. Maneno hayo ni ndugu, asili yao ni Kigiriki, kwenye neno la kitu kinachodhuru, ila kila moja limekulia kwake. Kifaransa bado kinalitumia kwa hewa inayotoa roho. Kiingereza cha leo kimelipoza: ni neno la ripoti, la madhara yanayokula polepole, na mara nyingi linatembea na "effects", yaani athari.

Unakumbuka mazuku ya Mugunga, yale mashimo ya gesi inayoua, hapa karibu na Goma? Babu yako alimkuta beberu wake asubuhi ndani ya shimo la mawe ya volkano, amepiga magoti, hana jeraha, majani bado mdomoni. Akashusha kijinga cha moto kwa waya. Kilipofika chini kikazima kama kimetumbukizwa majini. Ile gesi ya kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa ya kawaida, usiku hutulia mabondeni, na anayeingia humo hapati muda wa kuugua. Hapo andika "deadly" au "lethal", yaani ya kuua, shefu wako atanyamaza.

Sasa angalia meno ya shangazi yako. Alikua akinywa maji ya mvua iliyopita kwenye moshi wa volkano ya Nyiragongo, maji yenye floridi nyingi, meno yakiwa bado yanajiunda ndani ya ufizi. Yakaota na madoa ya kahawia, na mpaka leo anacheka amefunika mdomo. Siku aliyodhurika huwezi kuitaja, haipo. Maji yale ndiyo yaliyokuwa na "deleterious effects".

Wataalamu wa jeni nao wanalipenda: badiliko la jeni linalompunguzia kiumbe uwezo wa kuishi au kuzaa huliita hivyo, hata kama leo haliui mtu. Lakini usimwite jirani hivyo, wala mbwa anayeuma. Jirani akikukera, Kiswahili kina matusi ya kutosha.

Na mtu akikuambia limetoka kwa "delete" ya kompyuta, mkatalie kwa adabu. Lile ni la Kilatini.

Kwa Kiswahili mimi ningeandika "yenye madhara", basi. "Hatari" inakuja kabla ya jambo, "sumu" ni kitu chenyewe, "madhara" ndiyo yanayobaki mwilini.

Ukitamka, kaza kwenye "ti": di-li-TI-ri-as. Nilikuwa nalikosea mbele ya wanafunzi miaka mingi, hakuna aliyejua.

Mama yako anauliza kama sambaza, wale samaki wadogo, alizokutumia na basi zilifika.

Baba yako