Rangi ya kuchezea wakati wa kuoga imegeuka nyekundu

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nipo Ujiji, nina mtoto wa miaka mitatu asiyependa kabisa kuoga. Nilikwangua sabuni ya mawese, nikaichanganya na unga wa muhogo, maji na manjano ili apate rangi ya kuchorea kwenye beseni. Rangi ikageuka nyekundu kama kutu, mtoto akalia macho yanamchoma, na beseni lina doa mpaka leo. Nilikosea wapi?

JIBU: Pole, dada, na mpe pole mtoto. Manjano yako hayakuwa na tatizo. Kosa liko kwenye sabuni, na manjano ndiyo yaliyoitaja.

Manjano yana kiini cha rangi kiitwacho kurukumini. Kikikutana na asidi, kama ya ndimu, hubaki cha njano. Kikikutana na alikali, yaani kinyume cha asidi, hugeuka chekundu. Sabuni ya kipande hupikwa kwa mafuta na kostiki soda, kwa hiyo pH yake, yaani kipimo cha asidi na alikali ambacho 7 ni katikati na juu yake ni alikali, huwa 9 hadi 10. Ikiwa mpishi alizidisha soda, inapanda zaidi. Machozi ya mtoto yana pH ya 7.4 hivi, ndiyo maana macho yalimchoma. Hata maji ya Ziwa Tanganyika yenyewe yana pH inayokaribia 9, basi kama unachota huko, manjano yalianza kubadilika kabla hujatia sabuni. Sabuni ya mawese naiheshimu sana kwa kufulia na kuogea mtu mzima. Kwenye rangi itakayofika usoni kwa mtoto, iache.

Tumia shampuu ya watoto, ile isiyochoma macho. Badala ya unga wa muhogo, tafuta wanga wa mahindi. Unga wa muhogo una nyuzinyuzi, hutuama chini ya kikombe, na kama ulitokana na muhogo mchungu usioandaliwa vizuri unaweza kubaki na sumu ya sianidi. Mtoto wa umri huo atailamba rangi, hilo lichukulie kwamba litatokea.

Koroga vijiko vikubwa vitatu vya wanga kwenye kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, kisha bandika kwenye moto mdogo ukikoroga bila kuacha. Kuanzia nyuzi joto 60 hivi chembe za wanga hunywa maji na kuvimba, na utaona uji mweupe unaanza kung'aa. Epua. Ukipoa kabisa ndipo utie vijiko vitatu vya shampuu. Ukitia ungali wa moto utapata povu tupu. Gawa kwenye vikombe, kila kimoja tone moja au mawili ya rangi ya chakula. Usiongeze ili ikolee: rangi ikizidi ndiyo inayobaki kwenye ngozi. Wanga hauikamati beseni kama rangi ya ukutani inavyofanya, ukilowa tena hulainika na kuondoka na maji.

Naomba uwe makini dukani. Rangi ya ukili, ile ya kutia mikeka, nayo huuzwa ya unga kwenye vipakiti vidogo na huweza kupangwa karibu na rangi ya chakula. Hiyo si ya mwili wa mtoto hata kidogo. Soma kipakiti, na kama hakina maandishi usinunue.

Paka kidogo kwenye mkono wa mtoto na kwenye ukingo wa beseni, subiri dakika kumi, suuza. Pakibaki alama, punguza rangi. Ukuta wa saruji usiojengewa vigae usiuguse, una vitundu vinavyofyonza rangi.

Doa la sasa lipake ndimu, litarudi njano, halafu anika beseni juani siku kadhaa. Kurukumini haivumilii jua, itapauka.

Rangi iliyobaki, kama huna friji, imwage siku hiyohiyo. Kwa joto la Kigoma uji huo huchacha haraka, na kwenye friji usipitishe siku mbili.

Sabuni na wanga huteleza sana, kwa hiyo mkalishe mtoto, asicheze amesimama, na usimwache peke yake hata kama maji ni ya kina cha kiganja. Taulo liwe begani kwako kabla hujamwingiza kwenye beseni.